Ngozi ya Mark Four

Mwezi uliopita mteja aliniandikia WhatsApp saa nne usiku. "Hi, nimeona kazi zako. Unaweza kuvalisha bunduki ngozi?"

Nikamjibu kwamba mifuko ya bunduki sijawahi kushona, ila anitumie vipimo nijaribu. Akasema si mfuko. Anataka bunduki yenyewe ivalishwe, pale mkono unaposhika, kwa sababu mbao yake imelainika kwa miaka na inamteleza. Ana leseni, ana shamba la familia huko Laikipia, kila kitu kiko sawa, nisiogope. Akanitumia na video: jamaa wa Marekani mwenye ndevu za kufika kifuani anazungushia ngozi kitako cha bunduki huku gita likilia polepole, utadhani ni tangazo la manukato.

"Najua ni ombi la ajabu," akaongeza. "Sidhani kuna mtu Kenya ashafanya."

Sikumjibu usiku huo. Mimi nimeiona ikifanywa. Nilikuwa na miaka saba, nimeshika sufuria ya maji, na aliyekuwa anashona alikuwa mtengeneza ngoma.

Nafanya kazi Kariokor, Nairobi. Kama hujawahi kufika, ni soko la sandali za shanga, mikoba na mishipi, na harufu ya gundi hukupata kabla hujashuka matatu. Jina lenyewe ni Carrier Corps iliyopita midomoni mwetu, wale wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Watu huniuliza ngozi nilijifunzia wapi. Huwa nasema nilijifunza hapa hapa, chini ya fundi mmoja, miaka minne. Ni kweli, lakini si yote.

Nyumbani ni Isukha, Kakamega, upande wa Shinyalu, mahali ambapo mahindi yanaishia na msitu unaanza bila hata kichochoro katikati. Baba alikuwa askari wa msitu. Aliajiriwa zamani za Idara ya Misitu, na Kenya Forest Service ilipoanza mwaka 2007 akabadilishiwa nguo na kofia, njia za doria zikabaki zile zile. Msitu wetu ulitangazwa kuwa wa serikali mwaka 1933, wakati ule ule Wazungu walipokuwa wakichimbua mito yetu wakitafuta dhahabu. Watu wa mimea husema ni kipande cha mwisho, upande wa mashariki, cha ule msitu mkubwa wa Kongo. Sisi tulijua tu kwamba ndani kuna kuni, dawa, mapera na nyani, na kwamba Baba alilipwa ili majirani wasivichukue. Nyani ruhusa.

Halafu kuna mvua. Milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Kwa lugha ya nyumbani: asubuhi jua, saa tisa mchana unaanua nguo ukikimbia.

Bunduki ya Baba ilikuwa Mark Four. Ukipenda majina marefu ni Lee-Enfield namba nne, ya Waingereza, risasi .303, magazini ya risasi kumi, na bolti unayoivuta kwa mkono kila ukitaka kupiga. Kwenye chuma kulikuwa kumechongwa Long Branch, na mwaka, 1943. Kwa muda mrefu nilidhani Long Branch ni mtu. Ni kiwanda kilichokuwa karibu na Toronto, Kanada. Yaani bunduki ilitengenezwa kwa sababu ya Hitler, ikaishia kulinda miti ya Isukha dhidi ya mama zetu.

Sasa, mbao ya bunduki kama hiyo haipakwi vanishi. Inapakwa mafuta ya kitani, yanazama ndani, na kila mkono unaoishika unaongeza jasho lake juu. Kufikia mwaka 1999 ilikuwa imeshikwa miaka 56. Pale kwenye shingo ya kitako, kanyama ka katikati panapokaa mkono wa kulia nyuma ya triga, palikuwa pamelainika kama sakafu ya bafu. Ikiwa kavu ni raha kuishika. Ikinyeshewa ni samaki.

Mwezi wa nne mwaka huo Baba alikuja nyumbani jioni moja hakula. Mama alimwekea ugali na mrenda, akauangalia mpaka ukatengeneza ngozi juu. Kesho yake nikamwona amekaa nyuma ya nyumba anakata tyubu ya baiskeli, anaizungusha kwenye shingo ya ile bunduki. Tyubu ni wazo ambalo kila mtu huanza nalo, hata mafundi wa jembe. Kwenye jua inanata na kukuachia weusi kiganjani. Kwenye mvua maji yanaingia chini yake, inazunguka yenyewe kama soksi iliyolegea. Ilidumu siku tatu.

Siku ya nne akaniambia, "Twende kwa mzee wa ngoma. Beba sufuria ile ndogo."

Mzee huyu alitengeneza isukuti. Kama umehudhuria matanga au harusi yoyote ya Isukha na Idakho unaijua hata kama hujui jina: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zinazochezwa pamoja, na pembe ya swala ikilia juu yake mpaka bibi kizee asahau goti lake. Shina linatobolewa, ngozi mbichi inavutwa mdomoni ikiwa imelowa, inapigiliwa vijiti, inaachwa. Ikikauka inajikaza yenyewe. Hakuna gundi inayoshika mbao namna hiyo. Ndiyo maana Baba hakwenda kwa fundi wa viatu mjini. Mtu anayejua kuvalisha mbao ngozi alikuwa mita mia tatu kutoka kwetu.

Nakumbuka ile alasiri kuliko ninavyokumbuka siku yangu ya kwanza shule. Baba alitoa magazini, akavuta bolti mara mbili, akaingiza kidole ndani kuhakikisha hakuna risasi, halafu akaingiza tena. Akaiweka bunduki juu ya gunia kama mgonjwa. Mzee hakuigusa kwanza. Aliizunguka. Akauliza maswali ambayo leo ndiyo mimi huwauliza wateja: mkono unaanzia wapi, unaishia wapi, kitu gani kinasogea, kitu gani kinapata moto. Baba akamwonyesha. Bolti isiguswe. Pale pa kulengea pasiguswe. Namba ya serikali ionekane. Na asipige msumari hata mmoja wala gundi, kwa sababu bunduki si yake, siku ikidaiwa lazima ngozi itoke na mbao ibaki ilivyokuwa.

"Kwa hiyo ni nguo," mzee akasema. "Si ngozi ya mwili."

"Ni nguo."

Mzee alikuwa na kipande cha ngozi ya fahali, mmoja wa wale wa kupiganisha Khayega, aliyevunjika mguu akaliwa. Kazi yangu ilikuwa kumwagia maji ngozi isikauke mikononi mwake. Akapima kwa uzi, akakata, akatoboa matundu pembeni pande zote mbili kwa msumari alioufua mwenyewe, akaizungusha kwenye shingo ya kitako akaifunga kwa kamba ya ngozi upande wa chini, kama vile unavyofunga kiatu. Kila kamba ikivutwa maji yalitoka.

Kuna kitu kingine nakumbuka, na wakati ule nilidhani ni adabu mbaya tu. Mke wa mzee alileta chai. Akampa mumewe kikombe, akanipa mimi kikombe. Baba hakupewa. Baba hakuuliza. Alikaa pale ameangalia mikono yake, na yule mama akasimama mlangoni muda wote akiangalia bunduki, si mtu. Kamba ya mwisho ilipofungwa na mzee akasema "haya", ndipo mama akaingia ndani, akatoka na kikombe cha tatu. Akakiweka chini karibu na mguu wa Baba. Hakumpa mkononi.

Ile ngozi ya kwanza ilikuwa kosa, na kosa lenyewe linafundisha. Kwa wiki moja ya jua ilishika kama kucha. Ilijikaza mpaka ikawa sehemu ya mbao, ngumu, yenye mikunjo midogo inayokwaruza kiganja vizuri. Halafu mvua ikaja kama inavyokuja. Ngozi mbichi ikinywa maji inarudi kuwa nyama. Ikalegea, ikawa na utelezi wa ulimi wa ng'ombe, ikaanza kunuka. Mbwa wa kijiji wakawa wanamfuata Baba kwenye doria. Mzee alicheka mpaka akakaa chini: vipi yeye, mtu anayejua kwamba ngoma ikinyeshewa lazima uikalishe karibu na moto ndipo ilie tena, alisahau kwamba bunduki haitakalishwa karibu na moto?

Ya pili wakafanya taratibu. Ngozi ya mbuzi, imelowekwa majuma kadhaa kwenye pipa la majani ya mpera na magome ya miwati, maji yakawa rangi ya chai ya rangi iliyosahaulika. Sasa hii ni ngozi iliyoiva, mvua haiirudishi nyuma. Wakaigeuza upande wa ndani, ule wenye manyoya laini kama suedi, ukatazama nje ili kiganja kipate pa kushika. Wakapaka nta ya nyuki kwenye mshono. Ishirini na mbili, matundu ya kila upande. Mzee alitoboa yote isipokuwa moja. "Njoo," akaniambia, akanipa ule msumari. Nilitoboa nikiwa nimeng'ata ulimi. Likatoka limepinda. Hakulirekebisha.

Ilidumu miaka tisa.

Kila miezi michache Baba aliifungua, akafuta chuma kwa kitambaa cha mafuta, akaifunga tena. Ngozi hushika unyevu, na unyevu uliofungiwa kwenye chuma ni kutu. Wale wa YouTube huwa hawasemi hivyo, ama wanasema harakaharaka mwishoni. Ukivalisha bunduki ngozi ukaisahau, utakuja kufungua siku moja ukute imelika. Nilimwambia mteja wangu hilo kabla ya kumtajia bei.

Baba alipodaiwa ile Mark Four arudishe, mwaka 2008, nilikuwa nyumbani likizo. Aliikata kamba usiku kwa wembe, chini ya koroboi. Mbao ya chini ilikuwa na rangi nyingine, nyepesi, kama mkono unapovua saa. Nikaomba ile ngozi. Akanipa bila neno. Imekuwa kwenye masanduku yangu yote tangu hapo, bweni, bedsitter ya Umoja, na sasa hapa Kariokor.

Lakini sikuwahi kujua kwa nini. Kwa nini mtu aliyebeba bunduki miaka yote hiyo aamke siku moja na kuona inateleza.

Mzee wa ngoma alifariki mwaka 2017. Nilisafiri usiku kwa basi, nikafika alfajiri isukuti zimeshaanza. Ngoma nyingi pale uani alizitengeneza yeye, kwa hiyo ni kama alikuwa anajililia. Usiku wa pili wa matanga, watu wamekaa kuzunguka moto, hadithi zinatoka, kila mtu na yake kuhusu marehemu. Ndipo mjane wake akanyoosha kidole upande wa Baba.

"Huyu," akasema, "alitaka kunizika mimi 1999. Leo amekuja kunizikia mume."

Watu wakacheka. Kwetu matanga yana ruhusa ya kucheka. Yeye akaendelea, na alisimulia vizuri, kama mtu aliyekuwa ameitunza ile hadithi akingoja wasikilizaji wa kutosha. Ilikuwa asubuhi, imenyesha usiku kucha. Yeye ana mzigo wa kuni kichwani anavuka kijito, kuni ambazo hakuwa na ruhusa nazo, hakuficha. Baba anashuka ukingo wa pili, amesikia shoka, ameshaweka risasi ndani. Anaita "Simama!" Miguu inamtoka kwenye tope. "Nikaona bunduki inapita mkononi mwake kama sabuni," akasema. "Anaikimbiza, anaikamata vibaya. Paa! Sikio hili halikusikia mpaka Jumapili. Nilidhani nimekufa. Nikaangalia, mimi niko mzima nimesimama, na serikali iko chini kwenye maji inalia."

Watu wakaangua kicheko. Nilimtafuta Baba kwa macho. Alikuwa amesimama, anasema moto unapungua, anakwenda kutafuta kuni.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, gizani. Sikumuuliza mengi. Akaniambia mwenyewe kwamba risasi huhesabiwa. Siku ile alirudi kituoni na risasi tisa badala ya kumi, akaandika kwenye kitabu kwamba alifyatua hewani kutisha wapasua mbao waliokimbia. Mume na mke wangekwenda kusema, kazi ingeisha siku hiyo hiyo, labda na jela. Watoto wanne, mimi wa mwisho. Jioni ile mzee alikuja hadi kwenye ua wetu, akasimama nje, hakuingia. Alisema sentensi moja tu: "Ukipata nafasi, ilete nione inateleza wapi."

Hapo ndipo nikakumbuka kitu kingine, na hiki bado sijui nikiweke wapi.

Ngozi ya isukuti, ya kweli ya zamani, ni ya kenge. Kenge wanakaa mitoni, Isiukhu, Yala, na vijito vya msituni, na kuwawinda ni kosa. Utotoni mwangu ukutani kwa mzee palikuwa na ngozi za kenge zimepigiliwa zikikauka, mchana, waziwazi, na Baba alipita pale na nguo zake za serikali akaangalia mawingu. Aliuliza habari za mvua. Lakini mwaka wa 2002 hivi Baba huyo huyo alimkamata kijana wa jirani na kenge mmoja kwenye gunia. Kijana alikaa rumande wiki mbili. Mama yake alikuja kulia kwetu, Baba akamwambia sheria ni sheria na mtoto wake ana masikio ya kenge mwenyewe, hasikii mpaka yatoke damu.

Usiku ule wa matanga nilimuuliza kuhusu yule kijana. Alikuwa ameinama anakusanya kuni. Alikusanya mpaka mikono ikajaa, akarudi kwenye moto.

Mwaka 2014 UNESCO iliweka ngoma ya isukuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Nilimpigia mzee simu siku hizo kumpongeza, akauliza kama hao watu wanalinda na kenge pia, kwa sababu wamepungua, na kama wanalinda vyote viwili wamwambie ngozi atatoa wapi. Nilicheka. Sasa naona lilikuwa swali la kweli, na kwamba kwa miaka mingi jibu lake lilikuwa Baba.

Sijui jina la kitu kilichokuwa kati ya nyumba zile mbili. Rushwa si rushwa, hakuna aliyetoa pesa. Msamaha nao siuoni, yule mama hakusamehe, aliweka tu kikombe chini. Kuna mtu alilipia, alilala rumande wiki mbili, na hakuwahi hata kuiona hiyo bunduki.

Nilimjibu mteja baada ya siku tatu. Lakini kabla yake nilimpigia Baba. Alikuwa shambani, nilisikia jembe likisimama.

"Baba, kuna mtu anataka nimvalishie bunduki ngozi."

Kimya. Nikadhani simu imekata.

"Ya wapi?"

"Laikipia."

"Huko ni kukavu," akasema. "Hata mbichi inaweza kushika." Akafikiria. "Hapana. Tumia iliyoiva. Kavu si kavu, siku moja itanyesha." Kisha akauliza kama huyo mtu hutembea na risasi ndani, na nikasema sijui, na akasema nimuulize, nimuulize kabla sijakata ngozi.

Nikamuuliza. Mteja akajibu hapana, kwa nini? Nikamwambia elfu tano mia tano, siku kumi, aje yeye, bunduki iwe tupu na bolti imetolewa, nataka kuona mkono wake unaanzia wapi.

Halafu nikatoa ile ngozi ya mbuzi kwenye sanduku. Bunduki yake ni nyingine, shingo ni fupi zaidi, lakini lazima uanze na kitu. Nikaitandaza juu ya karatasi ya manila, nikaikandamiza kwa mawe mawili, nikazungusha kalamu pembeni. Halafu matundu. Ishirini na mbili kila upande, yote yamenyooka isipokuwa moja. Nikalichora na lile lilivyo.